Klabu za chuo hazikati alama

Kila mwaka wa masomo unapoanza, makundi ya wazazi hapa Mombasa huzungushiwa ujumbe uleule: mtoto akijiunga na timu ya mpira au klabu ya maigizo chuoni, alama zake hukatwa.

Si kweli. Alama hutokana na majaribio ya katikati ya muhula, kazi za darasani na mtihani wa mwisho, ambao katika vyuo vingi nchini hubeba takriban asilimia 70. Klabu haimo. Mwambie mwanao akufungulie muhtasari wa somo anaopewa mwanzoni mwa muhula. Mgawanyo umeandikwa humo.

Watu huchanganywa na suala la mahudhurio. Kijana aliyekosa vipindi vingi huweza kuzuiwa kufanya mtihani, na kwa kuwa jirani alimwona akipanda feri ya Likoni jioni, viatu vya mpira vikining'inia begani, lawama hubebeshwa timu. Aliyokosa ni masomo ya asubuhi!

Inaniuma, maana mwanafunzi mgeni mjini mara nyingi hupata marafiki wake wa kwanza uwanjani. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa picha ya muhtasari wa somo.