Eti mtoto ni nusu ya mtu mzima?

Hii ya kukata kidonge cha mkubwa katikati halafu nusu anapewa mtoto iko kila nyumba, kwetu bi mkubwa alikuwa anatumia kisu cha jikoni na vipande havikuwahi kulingana hata siku moja. Watu wanaamini mwili wa mtoto ni kama wetu ila mdogo. Sio hivyo jamani. Miaka ya 1950 kule Marekani vichanga walikuwa wanapewa kloramfeniko, dawa ya kuua bakteria, kumbe ini la kichanga bado haliwezi kuivunja ile dawa, ikawa inajaa tu mwilini, watoto wanageuka rangi ya jivu na wengi walikufa, mpaka 1959 ndo madaktari wakaandika wazi kwamba shida ni dawa yenyewe.

Sasa usikimbilie kusema basi mtoto apewe kidogo tu, maana TB inakataa. Mtoto mdogo anaitoa isoniazidi, dawa ya TB, mwilini haraka kuliko sisi, ndo maana 2010 WHO walipandisha dozi ya watoto kutoka miligramu 5 kwa kilo hadi 10. Yani miaka yote hiyo wengi walikuwa wanapata pungufu!

Halafu kuna wale wanaopinga tafiti za matibabu kwa watoto, wa "watoto wetu wanafanywa panya wa majaribio". Woga huo nauelewa, ila sikia habari ya dripu. Mtoto akifika na homa kali, mikono na miguu imepoa, damu haizunguki vizuri, ilikuwa inaaminika amwagiwe maji mengi haraka haraka kwenye mshipa, utaratibu wa hospitali za nchi tajiri zenye ICU, yaani wodi za wagonjwa mahututi. Watafiti wakaja kuupima kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, majibu yakatoka 2011: waliokimbiziwa maji walikufa kama 10 na nusu kwa kila 100 ndani ya saa 48, wasiokimbiziwa kama 7. (Wa kuharisha hawakuwemo, kwa hiyo usije ukamnyima mtu ORS kwa sababu yangu.) Bila ule utafiti tungeendelea kuwamwagia tukijua tunawaokoa, na hayo nayo ni majaribio, tofauti ni kwamba hakuna anayeandika matokeo. Kwenye utafiti angalau mzazi anaelezwa, anasaini, na akibadili mawazo anamtoa mwanae siku yoyote na matibabu yanaendelea kama kawaida.