Kihisi mwanga cha umeme kidogo ni nini?

Geuza saa inayopima mapigo ya moyo utazame mgongo wake: kuna taa ndogo za LED na, kando yake, kijipande cheusi cha fotodayodi, ambacho hugeuza mwanga kuwa mkondo mdogo wa umeme. Taa na fotodayodi kwa pamoja ndizo kihisi mwanga. Oksimita, kifaa kinachobana kidole na kupima oksijeni kwenye damu, ina vitu hivyohivyo.

Moyo ukipiga, damu hujaa kidogo kwenye ateri na kumeza mwanga zaidi, hivyo mwanga unaoifikia fotodayodi hupungua. Badiliko hilo ni dogo mno, mara nyingi asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wote unaopokelewa. Kupima oksijeni kunahitaji taa mbili, nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi na infraredi, isiyoonekana kwa jicho, ya 940 hivi, kwa kuwa hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) isiyo na oksijeni humeza zaidi nyekundu, na iliyobeba oksijeni humeza zaidi infraredi. Wazo la kulinganisha mdundo wa rangi mbili lilitoka kwa mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970.

Na huo umeme kidogo? Watu hudhani siri iko kwenye fotodayodi, kumbe mlaji mkubwa ni taa. Dawa yake ni kutoiacha ikiwaka. Taa inayovuta miliampea 20, ikiwashwa kwa maikrosekunde 100 tu, mara 100 kwa sekunde, huwa imewaka asilimia 1 ya muda, na wastani wake hushuka hadi miliampea 0.2. Jicho halioni kuzimika huko. Taa ikiwa imezimwa, kifaa hupima mwanga wa jua au wa chumbani na kuutoa kwenye hesabu.

Ubanaji huu wa umeme una mpaka. Mwanga ukififia sana, mdundo humezwa na kelele za umeme, hasa vidole vikiwa baridi, mkono ukitikisika, au ngozi ikiwa na melanini (rangi asilia ya ngozi) nyingi, kwani melanini nayo humeza mwanga. Ndiyo maana betri inayodumu wiki nzima hainivutii peke yake. Kihisi kizuri huongeza mwanga chenyewe pale ishara inapodhoofika, na kuupunguza mvaaji anapotulia. Ila kwa ngozi nyeusi, kuongeza mwanga hakutoshi: oksimita ikiwa imesawazishwa zaidi kwa watu weupe, inaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, hata betri ikiwa imejaa.