Mama hajalogwa wala hana sonona, amepunguza watu

Wiki iliyopita nimeambiwa mara mbili, Jumanne na Alhamisi, na watu wasiojuana: “Daktari, mama amebadilika.” (Udaktari wamenipa wenyewe. Mimi ni mshauri nasaha, sindano naiogopa kama wao.) Ukiuliza kabadilikaje, maelezo ni yaleyale. Amejitoa kwenye kikoba alichokianzisha mwenyewe. Kicheni pati haendi, anatuma mchango na udhuru. Magrupu ya WhatsApp kayaacha yote, kabakiza la wanawe na la jumuiya. Jirani akija kupiga soga anamsikiliza dakika kumi, anaaga, anaingia ndani. Baada ya hapo inategemea nyumba na nyumba: kuna wanaosema ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kuna wanaosema pana mkono wa mtu, na wapo waliokwishamzungusha mama wa watu kwenye maombi mikoa miwili kabla ya kugonga mlango wangu.

Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika, pamoja na dhana nyingine tatu kuhusu umri.

Dhana: Mzee akianza kukataa watu, amekata tamaa ya maisha

Mama wa Jumanne ana miaka 67, mwalimu mstaafu. Alikaa kimya binti yake akieleza. Nikamwomba binti atupishe kidogo, nikamuuliza mama siku ya jana aliishindaje. Akanihesabia: ameswali, amemwagilia mchicha, amempigia dada yake aliyeko Tanga wakaongea mpaka salio likakata, mchana mjukuu katoka shule wakakaanga maandazi. Alipofika kwenye maandazi akacheka mpaka akafuta macho, kwa sababu mjukuu aliweka chumvi mahali pa sukari. Nimekaa na watu wenye sonona miaka mingi. Hawakusimulii maandazi namna hiyo.

Kuhusu kikoba alisema: “Mwanangu, miaka 20 nimefukuzana na watu kwa ajili ya marejesho. Imetosha.”

Huyu haumwi. Amepanga upya. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amelifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1990, na hoja yake kuu ni kwamba vipaumbele vya mtu hufuata muda anaouona mbele yake. Kijana anaona njia ndefu, kwa hiyo anakusanya: marafiki, namba za simu, kozi, watu wa kumfungulia milango. Atamvumilia hata bosi mwenye mdomo mchafu kwa sababu anajua itamlipa baadaye. Mtu anayeona njia imebaki fupi hana sababu ya kuweka akiba ya watu. Anataka leo iwe na maana, na waliomo ndani yake wawe wale anaowapenda. Duara la nje, la watu wa kufahamiana na kusalimiana, linapungua sana. La ndani halipungui hivyo. Mama wa Jumanne hajaacha kumpigia dada yake hata wiki moja, ila hilo binti hakulitaja, maana hakuwa akilitazama.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo kila mtu anaponipotea: si suala la miaka, ni suala la muda unaoonekana kubaki. Watafiti waliwauliza watu: una nusu saa ya nafasi, utakaa na ndugu wa karibu, na mwandishi wa kitabu ulichokimaliza sasa hivi, au na mtu mpya mnayeelekea kupatana? Wazee huelemea kwa ndugu, vijana hawana upande. Lakini mwambie kijana ajione anahamia mbali peke yake hivi karibuni, naye anakimbilia kwa ndugu. Mwambie mzee ajione amepigiwa simu na daktari kwamba kuna tiba mpya itakayomwongezea miaka 20, na ule upendeleo wa ndugu unapotea. Kule Hong Kong, Uingereza ilipokaribia kuikabidhi kwa China Julai 1997 na watu wakahisi kipindi chao kinafungwa, vijana walichagua kama wazee. Mwaka mmoja baada ya makabidhiano, vijana wakarudia ujana wao. Na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulikuta vijana wa kiume wenye VVU waliokwisha kuonyesha dalili wanawapima watu katika maisha yao kwa mizani ya wazee.

Nami nimeliona kwa macho. Kijana wa miaka 29 aliyetoka kwenye matibabu ya saratani alifuta nusu ya namba za simu yake jioni moja, kisha akafunga safari kwenda kumwona bibi yake ambaye hakumwona tangu kidato cha nne. Mama yake akadhani anaaga dunia. Yuko hai, ana mtoto, na zile namba hajazirudisha.

Kwamba uzee ni huzuni mfululizo, hilo nalo takwimu zinalikataa. Timu ya Carstensen iliwafuatilia Wamarekani wa miaka 18 hadi 94 kwa zaidi ya miaka 10. Kila kipindi cha utafiti, kwa wiki nzima, kifaa kiliwalilia mara tano kwa siku, na kila kikilia waseme wanajisikiaje wakati ule ule. Kadiri watu walivyoongezeka umri ndivyo hisia zao zilivyokuwa nzuri zaidi na tulivu zaidi. Najua, huko ni Marekani, na mstaafu wetu ambaye mafao yamekwisha kwenye ada za wajukuu ana mengine ya kumkosesha usingizi. Lakini umasikini ukimhuzunisha mtu, tuseme umasikini. Tusiusingizie uzee.

Sasa, lini uwe na wasiwasi? Angalia duara la ndani. Aliyepunguza watu bado anamngoja mjukuu dirishani. Mwenye sonona hata mjukuu hamtaki, chakula hakina ladha, usingizi umemruka au umemzidi, anajiona mzigo, na hali hiyo inafika wiki mbili na kuendelea. Huyo mlete, tena haraka. Aliyeanza kupotea njia ya kurudi nyumbani au kusahau majina ya wanawe, mpeleke hospitali, siyo kwangu.

Na kabla ya yote, nawaomba kama ninavyoomba kila siku bila kusikilizwa, mkampime masikio. Asilimia kubwa ya ugomvi wangu na familia ungeisha hapo. Mtu asiyesikia vizuri, ukumbini penye muziki na watu 300, anachoka kutabasamu kwa maneno asiyoyapata. Ataacha kuja, na hatasema kwa nini, kwa sababu kukiri uziwi ni aibu. Kisha macho, mtoto wa jicho hana haya. Kisha mkojo. Babu mmoja aliletwa na wanawe watatu wa kiume, wamevaa suti, kwa sababu ameacha kwenda barazani kucheza bao. Walishaandaa maelezo marefu ya kisaikolojia. Tezi dume ilimlazimisha kutafuta choo kila baada ya nusu saa, na pale barazani choo hakuna. Alitibiwa, bao akalirudia, na nasikia anafunga watu.

Kuhusu mama wa Jumanne: msimwandalie sherehe ya watu 200 ya “kumchangamsha”. Msimrudishe kwenye kikoba kwa nguvu. Binti yake aliporudi ndani nilimwambia hivyo, akanitazama kama nimemla hela. Mama akainuka, akanishukuru, akaomba nisimpangie miadi nyingine. Siku niliyotaja huwa anapika na mjukuu. Kwa hiyo hata mimi nimepunguzwa.

Dhana: Mwanamume akifika 40 lazima achanganyikiwe

Wazo la mgogoro wa umri wa kati lilipewa jina na Elliott Jaques, mwanasaikolojia Mkanada, mwaka 1965, akiwa anatazama zaidi maisha ya wasanii wakubwa. Wamarekani walipoulizwa baadaye, karibu robo tu ndio waliosema wamewahi kuwa nao, na wengi wao walipoeleza walitaja kufiwa, talaka, ugonjwa au kupoteza kazi, mambo ambayo yangemvuruga mtu wa umri wowote. Dada, mumeo aliyenunua pikipiki kubwa na kuhamia Kigamboni hana ugonjwa wa miaka 42. Muulize yuko na nani.

Dhana: Uzee ndio unaowafanya wawe wabahili, watu wa ibada na wapenda mila

Kuna ukweli ndani yake. Tafiti za maadili, yaani mambo ambayo watu wanayathamini maishani, katika nchi nyingi, zilizoanzishwa na mwanasaikolojia Shalom Schwartz, zinaonyesha kwamba kwa wastani watu wa umri mkubwa wanaupa uzito zaidi usalama na desturi, na wanapunguza hamu ya kusisimka na anasa. Lakini ukimlinganisha mtu wa 70 na wa 25 leo, hulinganishi umri peke yake. Unalinganisha na walikokulia. Mwenye miaka 70 alizaliwa kabla ya uhuru wa Tanganyika, Azimio la Arusha lilimkuta akiwa mtoto, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa kijana mwenye familia changa, duka halina sukari, sabuni ni ya foleni. Mteja wangu mmoja analalamika kwamba mama mkwe wake “kazeeka vibaya” kwa sababu anaficha miche ya sabuni nyuma ya nguo kabatini na kuosha mifuko ya plastiki. Bibi huyo alikuwa anaficha sabuni akiwa na miaka 28. Hajazeeka vibaya, aliishi mwaka 1983.

Nanyi mnaotumia vifurushi vya bando kwa hesabu za kijeshi, mtakapofika 70 wajukuu watawauliza ni ugonjwa gani ule.

Dhana: “Samaki mkunje angali mbichi”, mtu mzima habadiliki

Methali ile ni ya malezi ya watoto. Hakuna mahali iliposema wewe wa miaka 35 umeshakauka. Mwaka 2013 wanasaikolojia Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 19,000, wa miaka 18 hadi 68. Katika kila rika watu walikiri wamebadilika sana kwa miaka 10 iliyopita, kisha wakasema kwa uhakika kwamba miaka 10 ijayo hawatabadilika kiasi hicho. Walipoulizwa wangelipa kiasi gani leo kuiona bendi waliyoipenda miaka 10 nyuma, wastani ulikuwa dola 80. Kuiona bendi wanayoipenda leo, onyesho likiwa miaka 10 baadaye, dola 129. Kila mtu anajidhani amefika mwisho wa safari.

Hili linatugharimu zaidi kwenye ujenzi. Kwenye semina za kustaafu huwa nauliza nani anajenga, mikono yote juu. Kisha nauliza nani ana chumba cha kulala na bafu chini, mikono inashuka. Mtu ana miaka 38 anachora ghorofa, vyumba sita, master juu, kama vile magoti yake yameapa kubaki naye. Watoto wataondoka, na ngazi haitaondoka.

Wa pili ni yule wa 55, anayefikiria kustaafu kwa hiari au kusubiri 60, aliyeshaamua tangu ujana kwamba atamalizia kijijini. Aliamua akiwa na miaka 25, wakati kijiji kilikuwa na wazazi wake wote wawili na rafiki zake wa shule. Ushauri wangu ni mmoja na nimeshachekwa kwa ajili yake: kabla hujamwaga msingi, kapange chumba kulekule miezi mitatu, msimu wa mvua, bila gari. Mmoja alinisikiliza. Alikwenda mwanzoni mwa Machi, masika yakamkuta huko, na kabla Mei haijaisha alikuwa amerudi Mbagala. Kiwanja amempa mdogo wake.