Huo Mche Mmoja Kwenye Begi Nao Unahitaji Kibali

Malalamiko yanayotufikia siku hizi karibu yote yanafanana. Abiria ametua Uwanja wa Julius Nyerere na vichipukizi viwili vitatu vya dungusi (kaktasi) au echeveria, mimea ya mapambo inayohifadhi maji kwenye majani na mashina, alivyoviviringisha kwenye soksi, mkaguzi amevichukua, na mwenyewe anauliza kosa lake nini wakati ni mapambo ya sebuleni tu. Ndugu mwananchi, mdudu hajui kama mmea umepandwa sebuleni au shambani. Kidung'ata cha muhogo, mdudu mdogo mweupe anayefyonza utomvu wa mmea, kiliingia Afrika miaka ya 1970 kutoka Amerika Kusini, na hasara yake wakulima wetu wanaijua.

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), haiangalii ukubwa wa mzigo. Utaratibu ni huu, na mpangilio wake una maana. Kabla hujanunua, omba kibali cha kuingiza mimea. Humo ndimo yanamotajwa masharti ya mmea husika. Kibali hicho muuzaji anakipeleka kwa mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake, nayo inakagua na kutoa cheti cha usafi wa mimea. Mzigo ukifika hapa, unakaguliwa tena. Cheti kilichoombwa baada ya mmea kusafiri hakisaidii. Risiti ya dukani si cheti. Picha ya tangazo lililoandikwa "salama" nayo si cheti, ingawa tunaonyeshwa sana. Mzigo usio na nyaraka unaweza kurudishwa ulikotoka kwa gharama zako, au kuteketezwa.

Kuna jambo la pili. Takriban aina zote za dungusi, euphorbia zenye mashina manene, na mishubiri yote isipokuwa Aloe vera zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Hizo zina nyaraka zake za ziada, hata kama umenunua dukani kihalali.

Hata hivyo, sioni kwa nini mtu ahangaike na begi wakati vitalu vya hapa Dar es Salaam vinauza sansevieria, mishubiri na adenium. Kagua kabla ya kulipa: fungua jani pale linaposhikana na shina. Ukiona unga mweupe kama pamba unaonata kidoleni, hilo si vumbi, ni vidung'ata. Mmea mpya utenge na mingine kwa wiki mbili tatu.

Nyumbani, kinachoua mimea hii ni maji. Jani likilainika, likang'aa kama limechemshwa na kudondoka kwa kuguswa, umemwagilia kupita kiasi. Likisinyaa na kukunjamana, ndipo lina kiu. Hewa ya Dar ina unyevu, kwa hiyo udongo wa chungu haukauki upesi kama wa Dodoma, na wakati wa masika mmea ulio kibarazani hauhitaji maji yako kabisa. Chungu kiwe na tundu. Changanya udongo na mchanga wa mtoni na kokoto ndogo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache ulipo. Sahani ya chini imwagwe, maana mbu wa dengi huzaliana humo, na jiji hili limeshapata milipuko mwaka 2014 na 2019.

Vidung'ata vichache vifute kwa pamba yenye spiriti. Wakizidi, tumia kiuatilifu kilichosajiliwa, chenye lebo, kwa kipimo kilichoandikwa, na upulizie nje ya nyumba. Kile kinachouzwa kwenye chupa ya maji bila jina usikinunue, hata muuzaji akiapa. Wala usikiweke jikoni, kwa sababu mtoto akiona chupa ya maji, anakunywa.