Je, wajua kuvu hufanya nini na kaboni ya msitu wa Amani?

Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, huiona kaboni ya msitu kwa macho yake, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni iliyotoka hewani. Sehemu nyingine kubwa imo ardhini, na huko kuvu, viumbe ambao uyoga ni tunda lao tu, zina usemi mkubwa kuhusu kaboni ipi ibaki na ipi irudi angani.

Kuna kuvu zinazoozesha. Ukilivunja gogo la siku nyingi utakuta mti umekuwa mweupe na mwepesi, unachanika nyuzi nyuzi mkononi. Hiyo ni alama ya kuvu zinazovunjavunja lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake, kazi ambayo viumbe wachache mno wanaiweza. Hata mchwa wa vichuguu huzitegemea: hukusanya majani makavu na vijiti, wakaoteshea kuvu yao ndani ya kichuguu, na ule uyoga mtamu unaochomoza hapo mvua zikinyesha hutokana na kuvu hiyo hiyo. Kaboni nyingi ya gogo huondoka hivyo, ikawa hewa ukaa, ingawa bila kazi hii virutubisho vingebaki vimefungwa ndani ya miti iliyokufa na msitu ungekosa chakula.

Kuvu za pili huishi na mizizi iliyo hai, na kwa maoni yangu hizi ndizo zinazostahili kutajwa zaidi kila tunapozungumzia hewa ukaa. Udongo mwekundu wa Amani umechujwa na mvua kwa muda mrefu, na fosforasi yake, kirutubisho ambacho mimea huhitaji, imeshikwa na madini ya chuma na alumini kiasi kwamba mzizi peke yake huipata kwa shida. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, hupenya mahali mzizi usipofika na kuileta. Mti nao hulipa kwa sukari, pengine hadi moja ya tano ya kaboni yote uliyoitengeneza kwa mwanga wa jua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba mimea duniani huzipa kuvu za mizizi kaboni inayolingana na tani bilioni 13 hivi za hewa ukaa kila mwaka. Si yote hubaki ardhini, kwa kuwa kuvu nazo hupumua, lakini nyuzi zinapokufa mabaki yake hunata kwenye chembe za mfinyanzi, na yaliyonata hivyo huweza kukaa miaka mingi bila kuoza.

Ushirika huu una uchaguzi wake. Miti mingi ya Amani hutumia kuvu zinazoingia ndani ya seli za mizizi, ambazo pia huishi na mahindi na mkonge, ilhali mti wa mbambakofi wa misitu ya pwani una kuvu za jamii nyingine, zinazozizungushia ncha za mizizi yake ala. Misindano (paini) nayo ni ya kundi hilo la pili, ndiyo maana ilipoletwa Afrika kutoka ng'ambo miche yake ilidumaa katika vitalu vingi, ikawa ya manjano, hadi ilipochanganyiwa udongo uliochotwa chini ya misindano iliyokwisha kukua.