Mhina hautoi rangi nyeusi

Harusi za pwani hazikosi swali hili: "Nikuchore nyekundu au nyeusi?" Ndipo watu wanapodhani iko mihina ya aina mbili.

"Hina nyeusi inatokana na mhina mwingine." Hapana. Mhina ni mmoja, na rangi iliyomo kwenye majani yake ni moja, losoni, ambayo ngozini huanza kama karoti kisha ikaelekea wekundu wa kahawia. Weusi wa piko, yaani hiyo hina nyeusi, unatoka dukani: ni dawa ya kupaka nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele, isizidi asilimia 2. Kuchorea ngozi ni marufuku huko. Mwili ukiikataa, ua lililochorwa mkononi huvimba likawa malengelenge, na ukitazama vizuri unaona mchoro uleule, jani kwa jani. Malengelenge yakishapona, mzio hubaki. Miaka mingi baadaye mtu anapaka nywele rangi, uso mzima unamvimba.

Kuitambua si kazi. Piko hushika upesi na hutoka nyeusi hapo hapo. Hina ya kweli inataka saa kadhaa mkononi, na ukiibandua utaona rangi ya chungwa iliyopauka, ikolee siku moja au mbili baadaye. Bi harusi anayepakwa usiku wa kuamkia harusi kisha akalalamika kuwa hina ni mbovu, kwa kweli amechelewa tu.

"Ni majani tu, hata kichanga apakwe." Hapa sina mzaha. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni pwani kwetu wala Oman. Kwao hata hina safi, ikipita ngozini, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kichanga aachwe.

"Mhina unataka maji mengi." Sojat, mji wa Rajasthan, India, uliojijengea jina kwa hina, uko kwenye nchi kame, na wakulima wake hungoja mvua. Mche mchanga ndio wa kumwagilia. Ukishazamisha mizizi unajitegemea. Chomeka kijiti chenye unene wa kalamu, mahali pa jua pasipotuamisha maji. Pogoa mara kwa mara, kwani majani machanga ndiyo yenye rangi zaidi. Ukizeeka huota miiba, ndiyo maana wengine huufanya ua wa shamba.

"Majani yaanikwe juani." Jua kali huyaharibu. Yaanike kivulini yabaki na ukijani wake, yatwange, uyachunge kwa kitambaa chepesi, ukande unga kwa maji ya ndimu na ufunike. Baada ya saa kadhaa weka tone kiganjani kwa dakika tano, ulifute. Likiacha doa la chungwa, anza kuchora.