Darubini ya Bunduki ya Kuwindia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mzee mmoja wa Upanga, mwindaji mwenye leseni tangu ujana wake, alinionyesha kovu lenye umbo la mwezi mwandamo juu ya nyusi ya kulia, akaniambia kuwa darubini aliyouziwa ni mbovu. Bunduki yake ni ya .375 H&H, aina ya risasi iliyotolewa mwaka 1912 na ambayo bado hutumika sana kwa nyati. Niliikagua darubini hiyo mezani kwake, nikaiona nzima. Kasoro ilikuwa mahali ilipofungwa: ilirudishwa nyuma mno, jicho likabaki sentimita 6 hivi kutoka kwenye lenzi, na bunduki ilipopiga teke ukingo wa chuma ukampasua. Kosa lake ni la wengi wetu. Kioo tunakichagua kwa miezi, kukifunga tunatumia dakika kumi, na risasi zikienda kombo lawama yote tunakibebesha kioo.

Dhana inayosikika kuliko zote ni kwamba darubini inayokuza sana humfanya mtu alenge vizuri zaidi. Ukweli ni kwamba inayokuza mnyama mara 9 hukuza pia mtetemo wa mikono na pumzi za mwenye kulenga, na wakati huohuo hupunguza upana wa kile anachokiona. Darubini ya kawaida ya 3–9x40, yaani inayokuza kuanzia mara 3 hadi 9 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 40, humwonyesha mtu upana wa mita 11 hivi kwenye umbali wa mita 100 ikiwa kwenye 3, na mita 4 na nusu tu ikiwa kwenye 9. Katika miombo, ambako kongoni hujitokeza kati ya miti miwili akiwa mita 70 na kutoweka kabla hujameza mate, dirisha hilo jembamba humfanya mwindaji atafute majani badala ya mnyama. Kwa nyati wa vichakani, darubini ya 1–4 au 1–6 inatosha kabisa, na kuiacha kwenye namba ya chini unapotembea ni mazoea mema.

Wapo pia wanaoamini kuwa lenzi ya mbele ya milimita 56 ndiyo alama ya darubini bora. Lenzi hizo zina sababu yake: huko Ujerumani wawindaji hukaa juu ya vituo vya mbao wakiwavizia nguruwe mwitu kwa mwanga wa mwezi. Kwetu uwindaji wa usiku umekatazwa, hivyo faida hiyo unailipia bila kuitumia, na zaidi ya hapo lenzi kubwa hulazimisha pete ndefu (vishikio vinavyoibana darubini juu ya bunduki) zinazoinua shavu kutoka kwenye kitako cha bunduki. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawanya milimita za lenzi kwa kiasi cha ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho: 40 kwa 4 ni milimita 10, ilhali mboni ya kijana gizani hufunguka kufikia 7 hivi, na ya mtu mzima hupungua zaidi. Bomba la darubini lenye kipenyo cha milimita 30 nalo haliongezi mwanga, kama wauzaji wapendavyo kusema. Linachoongeza ni nafasi ya kurekebisha shabaha. Kinachookoa mwanga ni utando mwembamba juu ya kioo, mbinu aliyoibuni Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935, kwa kuwa kila uso wa kioo usio na utando hupoteza takriban asilimia 4 ya mwanga.

Sasa tufike kwenye pete na reli, yaani ukanda wa chuma juu ya bunduki unaofungiwa pete, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Watu husema pete ni pete, ilimradi zishike. Chukua pete mbili zilizoachana sentimita 13. Moja ikisogea upande kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi tu, risasi itahama karibu sentimita 8 kwenye mita 100, na hakuna kioo cha bei yoyote kitakachokuonya. Reli nazo hazifanani. Mifereji ya reli aina ya Picatinny ina upana wa milimita 5.2 na imepangwa kwa nafasi sawa, ya aina ya Weaver ina milimita 4.6 hivi na nafasi zake hutofautiana, kwa hiyo pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny lakini kinyume chake hushindikana. Bunduki ya CZ 550, kwa upande wake, ina reli ya milimita 19 iliyochongwa kwenye mwili wa bunduki, nayo hudai pete zake maalumu. Anayelazimisha kwa tupa, na nimewaona, huharibu vyote viwili.

Kuna na imani ya kukaza mpaka mkono uume. Skrubu za juu ya pete huhitaji takriban nyutoni-mita 2 tu, na zaidi ya hapo bomba huminyika, vipande vya ndani vikashindwa kusogea. Bisibisi yenye kipimo cha nguvu ni ghali, lakini bomba lililobonyea ni ghali zaidi. Futa mafuta kwenye nyuzi za skrubu za reli, sukuma pete mbele mpaka ziegemee ukuta wa mfereji (kwa kuwa bunduki ikirudi nyuma darubini hubaki nyuma ya mwendo huo, yaani huelekea mbele), kisha kaza kwa zamu, pembe kwa pembe, kidogo kidogo.

Gesi ya naitrojeni iliyojazwa ndani ya darubini huzuia ukungu wa ndani peke yake. Haizuii ukungu wa nje unapotoka kwenye gari lenye kiyoyozi, wala chumvi na unyevu wa Dar es Salaam, ambao ukifungiwa kwenye mfuko wa ngozi huotesha fangasi juu ya lenzi.

Nilipogusa skrubu ya reli ya mzee yule, ilizunguka kwa vidole. Tulisogeza darubini mbele hadi jicho likakaa sentimita 9 na nusu, tukakaza upya. Yeye alisisitiza kwamba dukani ilishalengwa kwa kifaa cha mwanga, basi haina haja ya risasi. Kifaa hicho hulinganisha mtutu na darubini tu, hakijui risasi zako zinaruka vipi. Kwenye uwanja wa shabaha, risasi ya kwanza kwa mita 25 iliangukia sentimita 5 kushoto. Akazungusha kitufe cha kurekebisha shabaha, ambacho hulia kila kinaposogea hatua moja, milio saba, kwa kuwa aliambiwa kila mlio ni milimita 7. Kipimo hicho ni cha mita 100. Kwa mita 25 kila mlio ni chini ya milimita 2, na alihitaji milio 28. Aliihesabu kwa sauti.